Birika la Kuogelea na Majira ya Baridi

Nawaarifu wasomaji wa ukurasa huu kuwa mwezi huu nimepokea barua ya kijana wetu mmoja aliyeko Kanada. Wazee wake walihama Tanga zamani, yeye kazaliwa huko huko, na Kiswahili chake ni cha uangalifu, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Anauliza hivi: nyumba waliyonunua ina birika la kuogelea, nalo hufunikwa kila mwaka tangu Oktoba mpaka Mei. Maji yaliyolala muda huo wote chini ya kifuniko, yakaingiwa na majani na kubadilika rangi, je, yafaa kwa josho la faradhi?

Suala lake ni zuri na jawabu lake si refu. Nitalitoa kabla sijaweka kalamu chini. Lakini ndani ya barua mna maneno ambayo kayaandika kwa kupita tu, nayo ndiyo yaliyoninyima usingizi. Anasema kuwa mwaka huu baba yake ataka kulifunga birika mwenyewe, bila ya fundi, ili kupunguza gharama, na kwamba wameona turubai la plastiki na matofali kadhaa yatatosha. Kijana wangu, hilo ndilo la kuzungumza kwanza. Mimi si fundi wa mabirika. Mimi ni mwalimu wa chuo, na elimu yangu iliyo nje ya Kurani ilikoma darasa la saba. Walakini kazi hii nimeiona kwa macho yangu, na katika kuiona nilikosea mara mbili. Kosa la kwanza lilinichekesha baadaye. La pili halijanichekesha mpaka leo.

Neno birika nalitumia kwa makusudi. Wengi siku hizi husema bwawa la kuogelea, wala sina ugomvi nao. Ila bwawa kwetu lina vyura na matope, na hili limejengwa kwa mkono wa mtu kama birika la msikiti tunalotilia udhu. Kufanana huko ndiko kulikonipoteza, kama mtakavyoona.

Mwaka 2023, mwezi wa Septemba, mwanangu aliniita nikae naye miezi mitatu katika mji wa Mississauga, jirani na Toronto, jimbo la Ontario. Nyumba yake alikuwa ameinunua mwaka ule ule. Nyuma yake pana uwanja, na katikati ya uwanja birika la urefu wa mita 10 na upana wa mita 5, kina chake kikianzia kiunoni na kupita kimo cha mtu. Nilimuuliza kwa nini mtu mwenye watoto watatu kajitia katika anasa ya namna hii. Akanijibu, “Baba, binti zangu wakubwa hawawezi kuogelea penye macho ya watu. Hapa wanaogelea na mama yao, na ua umefungwa.” Sikuwa na la kusema. Kujua kuogelea ni jambo jema kwa mtoto wa Kiislamu, wa kike na wa kiume, na sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa hilo. Tena sheria ya mji ule humlazimisha kila mwenye birika kulizungushia ua wenye mlango unaojifunga wenyewe, ili mtoto wa njiani asiingie. Ukumbukeni ua huo, maana tutaurudia.

Basi ilipoingia Oktoba, majani yakaanza kugeuka rangi na kuanguka, na mwanangu akaniambia kuwa wakati wa kulifunga birika umekaribia. Nikamwambia kwa ule uhakika wa mtu aliyezoea kuulizwa: “Si kazi. Zibueni tundu, mwageni maji yote, sugueni, mfunike mpaka joto lirudi.” Kwetu ndivyo tuoshavyo birika la msikiti, vijana huingia na brashi na chokaa, na kabla ya Ijumaa limejaa tena. Mwanangu alinyamaza kwa adabu, akaenda kumwita mzee wa nyumba ya pili.

Mzee huyo asili yake ni Mreno. Wareno wako wengi katika mji ule, na mimi, niliyesoma skuli khabari za Wareno na mizinga yao katika pwani yetu, nilimtazama mara mbili. Huyu alikuja na mashine ya kupulizia upepo na kapu la vizibo vya mpira. Birika lake mwenyewe amelifunga kila mwaka kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwanangu alipomfasiria rai yangu, hakucheka. Alichukua kijiti akanichorea juu ya mchanga.

Birika la mwanangu kuta zake ni za chuma, zimevishwa ndani ngozi ya plastiki. Maji ya ndani ndiyo yanayoziegemea kuta zisiangukie ndani. Ukiyamwaga yote, udongo wa nje uliolowa mvua husukuma, na hapana tena wa kuuzuia. Ile ngozi nayo, ikikosa maji ya kuinyoosha, hunywea, kisha baridi huikamata katika hali hiyo ikapasuka. Mabirika ya zege na ya faiba yana hatari yake nyingine: maji yaliyo chini ya ardhi yanaweza kuliinua birika tupu zima zima, kama mashua isiyo na shehena inavyoinuka maji yanapojaa. Hapo ndipo nilipofahamu kazi yenyewe. Kulifunga birika si kulimaliza maji. Ni kuyaondoa pale ambapo barafu itayabana, na kuyaacha pale ambapo yanashika kuta.

Sababu ya yote ni tabia moja ya maji ambayo sisi wa nchi za joto hatuna nafasi ya kuiona ila katika friza. Vitu vingi vikipoa hupungua ukubwa. Maji yakiwa barafu huongezeka: lita 11 huwa karibu lita 12. Juu ya birika, barafu ina nafasi ya kuvimba kwenda juu. Ndani ya bomba haina pa kwenda, basi hulipasua bomba. Na mabomba ya birika yamezikwa chini ya sakafu ya zege, hata likipasuka mwezi wa Januari hujui mpaka Mei, maji yanapopungua kila siku na fundi anapokwambia kuwa sakafu haina budi kuvunjwa. Katika nchi ile usiku wa Januari hushuka mara nyingi hata nyuzi 10 chini ya sifuri, na siku nyingine hata 20.

Nami niseme hapa jambo lililonifurahisha, ingawa halifungi bomba. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa na joto la nyuzi 4. Yakipoa zaidi ya hapo huwa mepesi na kupanda juu. Kwa hivyo barafu hukaa juu na maji yaliyo hai hukaa chini yake. Lau ingelikuwa kinyume cha hivyo, maziwa ya nchi za baridi yangeliganda kuanzia chini, na samaki wasingelikuwa na pa kukimbilia. Nimefundisha miaka mingi juu ya ishara za Mola katika maji, nikitaja mvua na bahari na visima. Hii sikuwa naijua, nimeisomeshwa na Mreno kwa kijiti.

Sasa kazi. Mzee alisema tusiwe na haraka. Maji yakifunikwa yangali na joto, mwani wa kijani huota, na Mei unafungua kinamasi. Alingoja mpaka joto la maji liliposhuka chini ya nyuzi 18, na wengi wa watu wa huko huifanya kazi hii karibu na sikukuu yao ya Jumatatu ya pili ya Oktoba. Siku za kabla yake zilikuwa za kusafisha. Majani tuliyaopoa kwa wavu kila asubuhi, maana juu ya ukuta wa jirani umesimama mti mkubwa wa ule ukoo ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada, na mti ule hauna huruma. Kuta zikasuguliwa kwa brashi, chini kukafyonzwa. Kisha maji yakapimwa kwa vijikaratasi vya rangi, kwani maji yenye uchachu hula vyuma na ngozi ya plastiki miezi yote saba huku hapana amtazamaye. Kile kipimo kiitwacho pH walikitaka kiwe baina ya 7.2 na 7.6.

Likaja suala la kupunguza maji. Katika ukuta wa birika mna mdomo unaonyonya maji ya juu pamoja na takataka, na chini yake mna matundu ya kurudishia maji yaliyochujwa. Maji yalitakiwa yashuke chini ya mdomo huo, ili barafu isiuvunje. Kwa birika la mwanangu ilikuwa kiasi cha sentimeta 30. Nikapiga hesabu kwa tabia ya mwalimu: mita 10 kwa 5 kwa kina hicho, ni lita 15,000. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba na akioga kwa pishi, na pishi ni kama lita 3. Basi maji tuliyokuwa tukitaka kuyamwaga asubuhi moja ni majosho 5,000 ya Mtume. Nilimwambia mwanangu hesabu hiyo. Akaniuliza: “Sasa, Baba, tufanyeje?” Swali la haki. Israfu ilikwisha kuingia siku birika lilipochimbwa. Lililobaki lilikuwa kuyamwaga bila kumdhuru mtu.

Na hapa pana haki ya jirani ambayo wengi huikanyaga bila kujua. Maji ya birika yana klorini. Mifereji ya mvua ya mitaa ile haipiti penye kusafishwa maji. Huenda moja kwa moja katika vijito, na vijito katika Ziwa Ontario, na klorini huua samaki. Kwa hiyo miji ya huko, Toronto ikiwamo, imekataza kuyamwaga maji hayo katika mfereji wa mvua. Wala hairuhusiwi kumwagia uwanja wa jirani, ukamlowesha msingi wa nyumba yake. Tuliyaacha maji kwa siku kadhaa bila ya kutia klorini mpya, mpaka vijikaratasi havikuonyesha kitu, kisha kwa pampu ndogo tukayatoa polepole juu ya majani ya uwanja wetu wenyewe. Ilichukua siku nzima na sehemu ya usiku. Mwanangu aliamka mara mbili kuhamisha mpira wa maji, mara moja katika hizo akanikuta niko macho, tukasali rakaa mbili pamoja.

Baada ya hapo ndipo maji yaliyobaki yakatiwa dawa za kufungia. Nitawaomba vijana msome hapa kwa utulivu. Klorini ya chenga haimwagwi juu ya ngozi ya plastiki, maana huitoa rangi. Huyeyushwa kwanza katika ndoo. Na katika ndoo hutangulia maji, dawa ikafuata, si kinyume chake. Klorini za aina mbili hazichanganywi katika chombo kimoja, hata kama kijiko kimekuwa cha ile na kikatumika kwa hii. Zaweza kuwaka moto au kulipuka. Klorini na tindikali zikikutana hutoa hewa ya sumu. Kila moja iwe na mahali pake, pakavu, pa kufungika, mbali na mkono wa mtoto. Mzee yule wa Kireno, mtu wa maneno machache, kwa hili aliongea mpaka mwanangu akachoka kufasiri.

Siku ya mwisho ilikuwa ya mabomba, nayo ilinifurahisha kama mchezo. Swichi ya umeme ya pampu ikazimwa kwanza. Mashine ya upepo ikafungwa penye pampu, ikapuliza, na baada ya muda katika matundu ya kurudishia maji pakatokea povu kubwa, birika likachemka kama chungu. Povu lilipokuwa upepo mtupu, mwanangu alilala kifudifudi ukingoni, akatia mkono katika maji yale ya baridi mpaka begani, akakaza kizibo. Akahamia tundu la pili. Bomba la chini kabisa haliwezekani kuzibwa kwa mkono. Hupulizwa mpaka lichemke, kisha hufungwa valvu kwa juu upesi, upepo ukabaki ndani ukiyazuia maji yasirudi. Katika ule mdomo wa ukutani aliweka chupa tupu ya plastiki iliyofungwa, ili barafu ikivimba iminye chupa na isivunje mdomo. Akatia mabombani dawa ya kuzuia mgando, ile ya mabirika, isiyo na sumu. Ile ya magari ni sumu kali, nayo ina utamu unaowavuta watoto na paka, basi isikaribie kabisa.

Pampu, chujio na mtambo wa kupashia maji moto vikamwagwa maji mpaka tone la mwisho, na pampu ikaingizwa ndani ya nyumba. Vizibo vyake vidogo mzee alivitia ndani ya kikapu cha pampu yenyewe. Akasema mtu hapotezi kitu kilichomo ndani ya kitu asichoweza kukipoteza. Nimeitumia hikima hiyo chuoni kwa kalamu za wanafunzi, haikufaa.

Kisha tukafunika. Kifuniko kilikuwa turubai la plastiki lililoachwa na mwenye nyumba wa kwanza, likizungushiwa mifuko mirefu ya maji ya kulibana. Mzee alilitazama akauliza kama hapana jingine. Mwanangu akasema mwakani, inshallah. Mimi nikaunga mkono. Nikasema turubai ni turubai, na mwaka huu gharama zimekwisha kuwa nyingi. Hilo si lile kosa langu la pili, lakini ni mlango wake.

Ilikuwa siku ya nane. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, asubuhi ile ikakatika. Mwanangu kazini, mabinti wakubwa skuli, mkazamwana wangu jikoni. Mjukuu wangu wa mwisho, msichana wa miaka mitatu, aliachwa kwangu, naye alikuwa akicheza mpira sebuleni. Nilitaka kusali dhuha. Nilifungua mlango wa nyuma kumwaga maji yaliyokuwa katika kopo langu, nikaurudishia bila ya kutia komeo, maana mkono wangu mmoja una kopo na wa pili nimekwisha kukunja mkono wa kanzu. Nikasema moyoni, nitaufunga nikimaliza. Nikaenda kutia udhu.

Nilikuwa katika mguu wa kushoto niliposikia mama yake akipiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mtu. Alikuwa amemwona kwa dirisha la jikoni. Mpira ulikuwa juu ya turubai, katikati ya majani, na juu ya turubai palikuwa na maji ya mvua ya kina cha shibiri. Mguu mmoja wa mtoto ulikuwa ukingoni. Wa pili ulikuwa juu ya plastiki, na plastiki ilikuwa ikibonyea na kuuvuta ule mfuko wa maji uliokuwa umeibana. Mama yake alimfikia, akamshika koti, akaanguka naye chali juu ya zege. Mimi nilitoka na miguu yangu mibichi, nikasimama.

Hakunilaumu. Aliniambia, “Baba, ingia ndani, baridi.” Laiti angelinilaumu.

Nimeambiwa baadaye na wajuao namna ya kifo hicho. Mtoto mdogo huweza kufa maji katika kina cha sentimeta chache tu, basi yale maji ya mvua peke yake yalitosha. Na akizama pamoja na turubai, plastiki humfunika na kumzingira, na maji hurudi juu yake yakalala, majani yakarudi mahali pake, mtu akasimama ukingoni asione kitu. Ua wa sheria ulikuwa umefungwa sawasawa asubuhi ile. Ua humzuia mtoto wa njiani. Mtoto wa nyumbani mlango wake ni ule niliouacha mimi.

Jioni mwanangu aliporudi nilimweleza yote mwenyewe, kabla hajaambiwa na mwingine. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema ataagiza kifuniko cha usalama, ila itabidi kungoja, kwani bei yake ni zaidi ya dola 2,000. Nikamuuliza ameweka kiasi gani kwa zawadi za kurudi nazo mimi Tanga, za jamaa na walimu na watoto wa chuo. Akataja. Nikamwambia zianze hizo. Nilirudi nyumbani na tende na pakiti za peremende, na waliouliza niliwajibu.

Kifuniko hicho ni cha wavu mzito, hushonwa kwa kipimo cha birika, hukazwa kwa mikanda na springi katika vishikizo vya shaba vilivyotobolewa katika zege pande zote. Kipimo cha usalama wanachokifuata Amerika ya Kaskazini huhitaji kifuniko cha namna hii kibebe ratili 485, yaani kilo 220, bila ya kuachia. Mtu mzima akianguka juu yake pamoja na mtoto aliyemkimbilia hukaa kama juu ya kitanda cha kamba. Maji ya mvua hupita katika wavu, hayakai juu. Kwa sababu hiyo birika hujaa kidogo kidogo, na mwenye nyumba hana budi kulichungulia wakati wa baridi, maji yasirudi mpaka penye mdomo. Hata hivyo kifuniko hicho si uwanja wa kuchezea, wala barafu iliyo chini yake isiaminiwe na mwenye viatu vya kutelezea. Kwa wiki tatu tulizokingoja, mwanangu aliyatoa maji juu ya turubai kila siku kabla ya kwenda kazini, na juu kabisa ya mlango wa nyuma alitia kofuli ambayo mimi mwenyewe niliifikia kwa kunyanyua visigino.

Kijana wangu, sasa nirudi katika suala lako. Sisi wafuasi wa Imamu Shafi twajua kuwa maji yakifika kulateni, ambayo wanazuoni huyakadiria kiasi cha lita 200 na kitu, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi ila yakibadilika kwayo rangi, tamu au harufu. Birika kama letu lina lita 75,000 likijaa. Ama kubadilika kwa majani yaliyoanguka yenyewe, au kwa mwani, au kwa kukaa sana, hilo limesamehewa, kwa kuwa ni zito kujikinga nalo. Maji hayo hubaki tohara na yenye kutoharisha. Klorini kidogo ya kusafishia haiyatoi katika jina la maji. Theluji nayo ni maji: ukiwa huna jingine, ipake kiungoni mpaka iyeyuke na itiririke, na kichwa waweza kukipaka hivyo hivyo. Lakini tohara ni jambo moja na siha ni jambo jingine. Maji ya Mei yaliyo safi kwa sheria yaweza kuwa na vijidudu, basi usiingie wewe wala nduguzo mpaka yamechujwa, yametiwa dawa, yamepimwa, na chini panaonekana.

Na baba yako umfikishie salamu zangu, na umwambie kuwa kulifunga birika kwa mkono wake ni jambo jema, wengi hulifanya, na kompresa hukodishwa kwa siku moja. Lakini matofali ayaache. Hukwaruza na kutoboa plastiki, na upepo ukilivuta turubai huanguka ndani yakaikata ngozi ya birika. Yakibaki juu nayo, hayamzuii mtoto. Kama fedha za kifuniko cha wavu hazijapatikana, basi na ayatoe maji ya juu kila siku, na mlango wa nyumba ufungwe kwa juu, na ajulikane kwa jina ni nani mwenye zamu ya mtoto.

Mwezi wa Mei mwaka 2024 mwanangu alinipigia simu yenye picha. Kifuniko kilikuwa kimekunjwa ukingoni, maji yakiwa na rangi ya chai nyepesi, mabomba yote mazima, vizibo vyote vimo ndani ya kikapu cha pampu. Mjukuu wangu, amekwisha kutimiza miaka minne, akaja mbele ya kioo akaniambia kuwa dada zake watamfundisha kuogelea. Nyuma ya kichwa chake niliuona mlango, na kofuli iko pale pale juu.